Apimaye Asiandike

Nilipofuta ubao wa Kidato cha Tano
chaki iliingia kifuani, ikaikuta salfa
iliyotangulia tangu Juni.
Ndivyo tunavyosoma historia hapa Newala:
kifua kimoja, vumbi la namna mbili.

Nikawaambia: palikuwa na Mwingereza, tabibu,
aliyesema mtawala si baba wa watu,
ni mtu tuliyemkabidhi funguo za ghala;
akila mbegu, funguo zirudi.
Palikuwa na Mfaransa mwenye mizabibu,
macho yanamfifia, lakini hili aliliona:
mamlaka haizuiwi na wema wa mwenye nayo,
huzuiwa na mamlaka nyingine.
Vitabu vyao vikavuka bahari, si hii yetu,
vikafunguliwa na watu wenye hasira ya kodi
na wino wa kutosha.

Kimya. Nje mbuzi wa mkuu wa shule anakohoa.
Nikajua nimewapotezea kwenye mizabibu.
Haya, nikasema, mnamkumbuka karani Chilumba?

Wakacheka. Nani hamkumbuki.
Chilumba alipima, Chilumba akaandika,
Chilumba akalipa, na ukilalamika
shauri lako liliamuliwa na Chilumba
chini ya picha ya harusi ya Chilumba.
Gunia la mama yangu liliingia ghalani limenenepa,
likatokea daftarini limepungua kilo nane
kama mgonjwa aliyelazwa Ndanda.
Na hakuanza mwizi, naapa.
Tulimchagua kwa sababu hakosi swala.

Msimu uliofuata Bi Esha Nang'uto,
ambaye darasa analijua kwa nje,
alisimama mkutanoni na sahani yake ya ming'oko:
Apimaye asiandike.
Aandikaye asilipe.
Na alipaye asiwe shemeji ya wote wawili.
Akaketi, akaendelea kumenya.

Huyo, nikawaambia, ndiye Mfaransa.
Wakaandika hivyohivyo.

Ningeishia hapo, kengele ingenisitiri.
Lakini Somoe, aliyehamia kutoka Kilwa Kivinje,
hunyoosha mkono polepole
kama mtu anayechomoa mwiba wa mwenzake.
Mwalimu, mwaka huo wa sabini na sita,
karne hiyo, walipoandika watu wote wameumbwa sawa,
kwetu kulikuwa na nini?

Nilijua. Aibu yangu ndiyo hiyo, nilijua.
Tamko lao ni la Julai, tarehe nne.
Miezi miwili na siku kumi baadaye
mfalme wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa mwingine;
huyu hakuwa na mizabibu, alikuwa na merikebu.
Watu elfu moja kila mwaka,
piasta ishirini kwa kichwa,
na mbili juu yake, zawadi ya mfalme.
Waliopimwa hawakuitwa mkutanoni.
Na yule tabibu wa funguo
alikuwa na hisa katika kampuni iliyouza watu.
Na mkono ulioandika neno *sawa*
ulilimiwa tumbaku na watu
ambao neno lile halikuwagusa.

Kwa hiyo tuyafute, mwalimu?
Kifutio kilikuwa mkononi mwangu.

Nikaikumbuka mizani ya Chilumba.
Wapo waliotaka itupwe korongoni.
Bi Esha akakataa: chuma hakikuiba.
Tukaipeleka kwa watu wa vipimo,
ikarudi na lakiri,
na gunia la kwanza kupandishwa
lilikuwa la Chilumba mwenyewe,
amesimama pembeni, kofia mkononi,
anasoma namba iliyoandikwa na mtu mwingine.

Sikumjibu Somoe hivyo. Sikumjibu kabisa.
Nilimpa chaki.
Akaenda akaandika, chini ya Julai yangu,
Septemba yake, kwa herufi kubwa kuliko zangu,
akarudi kukaa.

Sikufuta.
Mwalimu wa jiografia alipoingia
akaziangalia zile tarehe mbili, akaniangalia mimi mlangoni,
halafu akachora mvua zake pembeni.